Kufuga senene ndani ya boksi, kuanzia yai mpaka mabawa

Haya wapenzi wa senene, karibuni tena hapa Bukoba. Andaa boksi refu kwenda juu, funika na kipande cha chandarua, weka vijiti ndani, hiyo haina shida tunasonga.

Chukua dume na jike wa msimu wa Novemba. Jike mcheki nyuma, ana kitu kirefu kama upanga, ndicho anachotagia. Porini anachomeka mayai kwenye nyasi, pale jani linapokumbatia shina, sisi tunampa pamba yenye unyevu, unyevu tu jamani isichuruzike maji, inaota ukungu. Dume anaimba usiku kwa kusugua mabawa ya mbele na masikio yao yako miguuni, sogea na kamera, hapo chini ya goti la mguu wa mbele, umeona ile mipasuo miwili? Mimi napapenda hapo kuliko sehemu zote.

Mayai yakianguliwa halitoki buu kama la kipepeo, anatoka tunutu, senene mdogo kabisa, papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, zimeshampita mwili urefu, amepungukiwa mabawa tu. Mpe masuke ya nyasi yenye mbegu changa, na chakula cha kuku kidogo maana wakikosa protini wanatafunana.

Sasa gamba lake halitanuki, kwa hiyo ili akue lazima ali... ngoja ngoja, usiguse boksi! Usiguse! Yule pale juu anajivua, zima hiyo feni.

Naongea polepole. Ameshika chandarua kichwa chini, mgongo umepasuka, anavuta papasi moja moja kama mtu anatoa uzi kwenye sindano. Hapa usimsaidie. Msimu uliopita nilivuta kijiti nimrekodi vizuri mmoja akadondoka, mabawa yakakauka yamejikunja, hakuruka kabisa mpaka anakufa. Ndiyo maana nasema boksi liwe refu, apate nafasi ya kuning'inia, na narudia, usimsaidie hata ukiona amekwama.

Ametoka! Rangi imepauka, mabawa laini yamekunjamana, na huyu ndiyo mara yake ya mwisho kujivua. Muache yanyooke yakauke. Na lile ganda usilitoe, ona anageuka, anaanza kulila, kaanzia mguuni.