Ukuta wa Alhambra, kuanzia sakafuni hadi darini

Mabibi na mabwana, leo tuusome ukuta wa kasri za Alhambra mjini Granada, kusini mwa Uhispania. Vyumba vinavyosifiwa zaidi ni vya karne ya 14, enzi za sultani Yusuf I na mwanawe Muhammad V. Wageni huona nakshi kila mahali wakadhani zimetapakazwa ovyo. Sivyo. Kila nakshi iko pale ambapo malighafi yake inaweza kustahimili.

Chini kuna vigae, kwa sababu waliokuwa wakiketi chini waliegemeza migongo hapo. (Ukitaka kuvielewa vyumba hivi, keti, hata madirisha yako chini.) Fundi hakuchora picha juu ya kigae. Alichoma vigae vya rangi moja moja: nyeupe kwa bati, kijani kwa shaba, buluu kwa kobalti, rangi ya asali kwa chuma, nyeusi kwa manganizi. Kisha akavikata vipande, na kila kipande akakichonga mshazari kwa nyuma, ili mbele kingo zigusane na nyuma lipu ipate nafasi. Nyuma isipopunguzwa, lipu husukuma vipande vikaachana. Kosa la milimita moja kwenye nyota ya kwanza ya mchoro hujirudia katika kila nyota, na ufikapo kwenye kona mchoro haufungi.

Kazi hiyo ni ghali. Ndiyo maana baadaye mafundi wa Seville walishika kigae cha mraba chenye rangi nyingi: kwanza kwa mistari ya mafuta na manganizi inayozuia rangi zisiingiliane motoni, halafu kwa kingo zilizoinuliwa kwa kalibu.

Juu ya vigae ni jasi, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Jasi huchomwa kwa joto lisilofika nyuzi 200, husagwa, na ikitiwa maji huganda kwa dakika chache. Zamani ilichongwa ukutani ingali mbichi. Granada ya karne ya 14 ilitumia sana kalibu, kisha kisu kikamalizia. Kuba la Ukumbi wa Dada Wawili lina vipande zaidi ya 5,000, vyote vikitokana na maumbo machache tu.

Adui wa jasi ni maji: lita moja huyeyusha takribani gramu 2. Paa likivuja, ncha za majani na herufi ndizo hutangulia kufutika. Basi usioshe nakshi hizi. Tabaka za chokaa zilizopakwa juu yake zikaziba mashimo ya nakshi hutolewa kikavu, kwa kisu kidogo cha daktari, kidogo kidogo. Wala usizibe ufa kwa saruji: ikikutana na salfati ya jasi penye unyevu huvimba, na nakshi hubanduka.

Mbao zimewekwa juu kabisa. Dari ya Ukumbi wa Mabalozi ina vipande 8,017. Kwenye Ua wa Simba, wenye nguzo 124, mabamba membamba ya madini ya risasi yalilazwa katikati ya nguzo na taji zake, yameze mtikisiko ardhi inapotetemeka.

Mnamo 1859 mkarabati wa Alhambra, Rafael Contreras, aliweka kuba la vigae vya rangi juu ya banda la mashariki la ua huo, likapendwa sana. Mwaka 1934 msanifu majengo Leopoldo Torres Balbás akaliondoa, akarudisha paa la mteremko. Alilaumiwa vikali mjini, lakini alikuwa sahihi: kuba lile lilikuwa ndoto ya karne ya 19, si kazi ya Granada ya Muhammad V.