Kukeneka Jini kwa Mtambo Mdogo Kando ya Bahari

Karibu. Video hii ni ya mtu ambaye leseni anayo, chumba anacho, na mtambo wa shaba wa lita 100 umeshafungwa. Kama leseni bado, ishughulikie kwanza. Nchi nyingi zinahesabu ukenekaji bila kibali kuwa kosa la jinai, na wakaguzi wa ushuru watataka kuona daftari la kila lita iliyoingia na iliyotoka tangu siku ya kwanza.

Leo tunakeneka jini, ile pombe kali yenye harufu ya beri za mreteni. Kukeneka ni kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake ukipozwa. Tunaendesha mtambo mara moja, kutoka ethanoli, yaani pombe kali isiyo na ladha ya viungo, hadi chupa. Resipe si kazi ngumu. Kazi ngumu ukiwa karibu na bahari ni maji, joto na chumvi ya hewani, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Tuanze na chumba. Ethanoli ya asilimia 96 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 17 hivi za Selsiasi. Ukiizimua, yaani ukiipunguza nguvu kwa maji, hadi asilimia 50, kiwango hicho hupanda hadi nyuzi 24 tu. Maana yake, kwenye pwani ya joto pombe yako inaweza kuwaka muda wote, hata kabla hujawasha mtambo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kutulia kwenye mashimo na mifereji. Weka feni ya kutoa hewa chini, usawa wa kifundo cha mguu, na iwe ya aina isiyotoa cheche. Moto wa wazi haumo kabisa. Pasha kwa mvuke wa boila iliyo chumba kingine, au kwa koti la maji lenye kipasha cha umeme kilichozibwa vizuri.

Sasa tazama mtambo wenyewe. Chungu cha shaba hakina shida kubwa na hewa ya bahari. Kitafanya kutu ya kijani kwa nje, unafuta, basi. Shida iko kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu. Daraja la 304 hutoka madoa ya kahawia, kisha vishimo vidogo kama vya sindano, kwa sababu kloridi hutoboa ule utando unaokilinda chuma. Nunua daraja la 316, lenye molibdeni ndani yake. Kama tayari una 304, ioshe kwa maji baridi kila wiki, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, na usiisafishe kamwe kwa dawa ya klorini.

Tuingie kwenye maji, maana zaidi ya nusu ya chupa ni maji. Visima vya pwani mara nyingi vina chumvi na chokaa. Chokaa ikikutana na pombe hujitenga, na wiki chache baadaye mteja anaona unga mweupe chini ya chupa. Pitisha maji kwenye mtambo wa kuchuja kwa osmosisi, kisha pima upitishaji umeme. Ukisoma chini ya mikrosimensi 10 kwa sentimita, endelea. Ukisoma 40 au 50, utando wa kichujio umechoka; usijiambie kwamba "yanatosha".

Maji ya kupozea ni habari nyingine. Kipoza, sehemu inayougeuza mvuke kuwa kioevu, kinataka kutoa pombe yenye nyuzi 20 hivi, na isizidi 25. Maji ya bomba yakifika kwenye kipoza yakiwa na nyuzi 28, hilo haliwezekani, hata ufungue koki yote. Unahitaji tangi la maji yaliyopozwa na mashine, yanayozunguka na kurudi. Kwa mtambo huu, ukiendeshwa kwa kilowati 3, kipoza kinakula lita 2 hadi 3 kwa dakika. Na bahari iliyo pale nje, isiguse shaba ya kipoza moja kwa moja. Maji yake yatumike upande wa pili tu wa kibadilisha joto cha titani, au yaachwe yalipo.

Sasa vipimo. Tunataka lita 70 za asilimia 50 kwenye chungu. Usijaze zaidi ya hapo, nafasi inayobaki ni ya povu. Chukua lita 36.5 za ethanoli ya kunywa ya asilimia 96. Nimesema ya kunywa. Spiriti ya viwandani iliyotiwa sumu haisafishiki kwa kukenekwa. Methanoli, aina ya pombe yenye sumu, hupanda na mvuke pamoja na ethanoli. Mimina ethanoli kwanza, kisha maji polepole hadi alama ya lita 70. Utashangaa kuona umetumia karibu lita 35.7 za maji, wakati hesabu ya kutoa ilikuambia 33.5. Maji na pombe vikichanganyika hujikunja, ndiyo maana tunajaza hadi alama wala hatuongezi kwa hesabu.

Viungo ni hivi. Beri za mreteni, kilo 1.4, na hakikisha ni za Juniperus communis. Jamaa yake aitwaye Juniperus sabina ni sumu. Mbegu za giligilani, gramu 560. Mzizi wa anjelika, gramu 70. Mzizi wa airisi uliosagwa, gramu 35. Maganda makavu ya limau, gramu 50, bila ule utando mweupe wa ndani, ambao huleta uchungu. Mdalasini gramu 30, iliki gramu 20. Iliki ni kidogo kwa makusudi. Ukiizidisha hata kwa gramu 10, itafunika kila kitu.

Ponda beri kidogo tu, zipasuke, zisiwe uji. Loweka beri, giligilani na mizizi kwa saa 12 hadi 18 katika pombe hiyo, chungu kikiwa kimefunikwa. Maganda, mdalasini na iliki vinaingia asubuhi, muda mfupi kabla ya kuwasha. Maganda yakilala humo usiku kucha huleta ladha ya marmaledi, si ya tunda bichi.

Kuhusu hifadhi ya viungo: hewa ya pwani ina unyevu, na mizizi huota ukungu upesi. Tumia mitungi inayobana, vifuko vya kunyonya unyevu ndani, na kipima unyevu kisome chini ya asilimia 60. Kiungo chenye harufu ya gunia lililolowa kitupe, kwa sababu harufu hiyo inapanda na mvuke.

Sasa lile swali ambalo kila mtu wa pwani analo: ladha ya bahari. Kuna wanaotia maji ya bahari kwenye chungu. Ni kazi bure. Chumvi haigeuki mvuke kwenye joto hili, inabaki chini na kuitafuna shaba. Kinachopanda ni harufu, na harufu ya bahari unaipata kwenye mwani. Chuma mwani mahali mbali na mito, mifereji ya maji taka na bandari, kwa sababu mwani hukusanya metali nzito. Suuza kwa maji baridi, anika hadi uvunjike mkononi, na upime gramu 20. Uweke kwenye kikapu cha mvuke kilicho juu ya chungu, usiuloweke. Ukichemka ndani ya pombe unatoa harufu ya kabichi iliyopikwa sana. Anayetaka utamu wa chumvi mdomoni anaweza kuongeza nusu gramu ya chumvi kwa lita baada ya kukeneka, lakini hapo asiandike "London", jina la aina moja ya jini, kwenye lebo. Kanuni za Ulaya zinakataza kuiongezea jini ya aina hiyo ladha yoyote baada ya kukenekwa.

Washa. Kwa kilowati 6, kama saa moja inatosha kufika nyuzi 82 au 83, ambapo mchanganyiko huu huchemka. Fungua maji ya kipoza mapema, kofia ya mtambo inapoanza kuwa ya vuguvugu. Hakikisha mdomo wa kutolea uko wazi, na chombo cha kupokelea hakijazibwa. Mtambo uliozibwa ni bomu. Matone ya kwanza yakionekana, shusha umeme hadi kilowati 3.

Pombe hutoka kwa sehemu tatu: kichwa cha mwanzo, moyo wa kati ambao ndio jini yetu, na mkia wa mwisho. Kichwa kwanza. Kamata mililita 500 na uziweke kando. Kwa kuwa tulianza na ethanoli safi, hapa hatukimbii methanoli. Tunatoa mafuta yaliyoganda kwenye kipoza tangu siku iliyopita, na manukato makali ya mwanzo yasiyo na mpangilio. Nusa kila mililita 100. Harufu ya plastiki au ya gundi ikiisha na mreteni ukaja safi, badilisha chombo.

Moyo unaanza ukiwa na asilimia 82 hivi. Mwendo uwe lita 8 kwa saa. Ukiharakisha, chungu kinatupa povu juu na pombe inatoka na rangi. Ukiona rangi yoyote, zima na usubiri. Kwanza utapata limau na mreteni, kisha giligilani, mwisho mizizi na viungo vizito. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato ya kukata mapema ili "kupata safi"; ukikata kwenye asilimia 75 unapata jini nyepesi isiyo na mgongo.

Kuanzia asilimia 68, onja kila lita moja, ukiwa umeizimua kwa maji nusu kwa nusu. Ladha ya majani ya chai yaliyochemka mno, au ya udongo uliolowa, ndiyo mkia. Kwa viungo hivi huja karibu na asilimia 65. Namba ikusaidie, ulimi uamue. Kufikia hapo utakuwa na lita 36 hivi zenye wastani wa asilimia 76. Mkia uendelee hadi asilimia 20, uuandike kwenye daftari, na usiurudishe kwenye jini ijayo.

Ukizima, fungua vali ya hewa kabla chungu hakijapoa. Mvuke ukiganda ndani ya chungu kilichofungwa huvuta kuta kuelekea ndani, na shaba hukunjamana. Usikimwagie maji baridi.

Acha moyo utulie wiki moja. Kabla ya kuzimua tangi zima, fanya jaribio: chukua mililita 100, zimua hadi asilimia 43, weka kwenye friji usiku mmoja. Ikiwa na ukungu mweupe, mafuta ya viungo ni mengi kuliko pombe inavyoweza kuyashika. Hapo una njia mbili: ongeza ethanoli ileile safi, au ujaze chupa kwa asilimia 46 badala ya 43. Safari ijayo punguza beri na maganda kwa asilimia 15.

Ikiwa angavu, zimua. Lita 36 za asilimia 76 zitakupa lita 63.6 za asilimia 43. Maji utakayohitaji ni kama lita 28.5. Tia maji kwenye pombe, si pombe kwenye maji, na ufanye kwa hatua: hadi 55, pumzisha siku moja, hadi 48, pumzisha tena, kisha shuka taratibu. Ukimimina maji yote kwa mkupuo, mafuta hujitenga mahali maji yanapoangukia na hayarudi kwa urahisi.

Haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha asilimia ya pombe, imetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20. Jini ya asilimia 43 ikiwa na nyuzi 30 itasomeka karibu 47. Poza sampuli, au tumia jedwali la kusahihisha. Umoja wa Ulaya unaruhusu lebo ikosee kwa asilimia 0.3 tu, na makosa ya joto yanapita hapo kabla hujamaliza nyuzi moja.

Joto hilohilo linakuibia kwenye kujaza. Kioevu hupanuka, na chupa ya mililita 700 iliyojazwa kwenye nyuzi 30 itakuwa na upungufu wa mililita 5 au 6 ikipoa. Jaza asubuhi mapema, au kwa mizani. Lebo ziwe za gundi inayovumilia unyevu, na chupa ikaushwe kabisa kwanza, la sivyo pembe zinaanza kuinuka ndani ya mwezi.

Mwisho, osha mtambo siku hiyohiyo. Suuza kwa maji moto, kisha zungusha maji yenye asilimia 2 ya asidi ya sitriki kwenye nyuzi 60 kwa nusu saa, suuza tena hadi maji yasiwe na uchachu. Kwenye kipoza, malizia kwa lita moja ya ethanoli. Kama bado kinanuka mreteni, rudia, hasa ikiwa kesho unakeneka kitu kingine.