Chuo Kikuu Kinamjibu Nani?

Waheshimiwa maprofesa, ndugu wasaidizi na wakuu wa kazi, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama ukutani, niruhusuni nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa la Zaire, kama Kongo yetu ilivyoitwa wakati huo, chini ya rekta mmoja, yaani mkuu wa chuo, aliyekaa Kinshasa. Vitivo vilihamishwa kutoka mji hadi mji, na walimu wakafuata pamoja na mizigo yao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, muungano huo ulivunjwa, kila chuo kikapewa jina lake. Lakini tabia ya kutazama Kinshasa kabla ya kuamua lolote haikuvunjwa.

Rekta wetu hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi huteuliwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri, na pamoja naye katika kamati ya uongozi huketi katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Simlaumu mtu yeyote kati yao. Ninachosema ni kwamba mtu humtolea hesabu yule anayeweza kumwondoa, na hapa anayeweza kumwondoa hayuko Lubumbashi.

Sasa tazameni fedha zinatoka wapi. Fedha za serikali hazitoshi kuendesha maabara wala kununua karatasi za mitihani, kwa hiyo chuo kinaishi kwa ada, yaani kwa mama anayeuza unga sokoni katika mtaa wa Kenya, hapa mjini, na kwa baba anayechimba madini Kolwezi. Hao ndio wanaokilisha chuo, ilhali katika mabaraza yanayopanga bajeti hawana hata kiti cha nyuma. Kubadili jina la shahada, kama tulivyofanya tulipoingia katika mfumo wa LMD, yaani wa ngazi tatu za lisansi, masta na udaktari, hakugusi jambo hilo.

Wengine hutaka marekta wachaguliwe na maprofesa. Mimi nasita, maana uchaguzi bila hesabu wazi huzaa kambi za makabila, na mkoa huu unajua gharama yake. Ningeanza na jambo dogo zaidi: kila mwisho wa muhula, kitivo kibandike kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo, pale pale tunapobandika matokeo ya wanafunzi, kiasi cha ada kilichopokelewa, kilichotumika, na saini ya aliyeidhinisha.