Shahada ya upishi husomewa mlango wa nyuma

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaosubiri barua za vyuo, hamjambo. Nimeombwa nieleze shahada ya usimamizi wa upishi ni masomo ya nini hasa, na kama ada yake ina maana. Nianze na la kuvunja moyo. Ikiwa unachotaka ni kujua kupika tu, miaka minne ni mingi mno. Kupika kunafundishwa, tena vizuri, kwenye vyuo vya ufundi. Kenya Utalii College pale Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, imelea wapishi wa hoteli kwa miongo mingi bila kumtaka mtu awe na digrii.

Shahada inahusu mlango wa nyuma wa jiko. Pale gari la mboga linaposhushia, penye mizani, risiti, friji ya stoo na mtu anayetia saini. Mgeni aliyekaa mezani hapaoni, na ndipo hoteli zinapofia.

Vitabu vyetu vinamsifu sana Mfaransa Auguste Escoffier, aliyezaliwa mwaka 1846. Alipochukua jiko la hoteli ya Savoy, London, mwaka 1890, alilipanga kama kikosi cha jeshi: huyu michuzi, yule nyama za kuchoma, mwingine samaki, mwingine vitamutamu. Palikuwa na sahani ya mayai na figo ambayo mpishi mmoja alihangaika nayo kama robo saa. Akaigawa: mmoja apike mayai, wa pili abanike figo, wa tatu aandae mchuzi, na sahani ikawa inatoka kwa dakika chache. Nendeni hoteli kubwa yoyote ya Diani au Nungwi, mpangilio ni huo huo mpaka leo.

Sasa sikilizeni upande ambao hauimbwi sana. Mwaka 1898 Savoy ilimfukuza Escoffier pamoja na meneja wake, César Ritz. Chakula chake hakikuwa na ila. Baadaye alitia saini hati akikiri kwamba alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa wauzaji walioleta bidhaa jikoni. Bingwa wa mabingwa, na kilichomwangusha ni mlango wa nyuma! Ndiyo maana darasani tunasisitiza kwamba anayeagiza bidhaa asiwe yeye anayeipokea, na anayeipokea asiwe yeye anayeilipia. Wanafunzi huona ni urasimu. Wakishakaa hotelini msimu mmoja hawalalamiki tena.

Haya, tupige hesabu kidogo. Msiogope, ni ya darasa la sita. Umenunua samaki aina ya tewa wa kilo 10 kwa shilingi 600 kilo, umelipa 6,000. Unataka kuuza vipande vya gramu 200. Mpishi asiyesoma hesabu hii atasema kipande kimoja ni shilingi 120. Lakini toa matumbo, magamba, ngozi, kichwa kile kikubwa na uti wa mgongo, tuseme unabaki na kilo 4 za mnofu. Hizo ni sahani 20, na kila kipande kimekugharimu shilingi 300. Yule aliyeuza kwa 360 akidhani amezidisha mara tatu, amebakiwa na shilingi 60, na humo atoe mafuta, gesi, mishahara na kodi ya pango. Hoteli nyingi hulenga gharama ya chakula isizidi kama asilimia 30 ya bei. Kwa kipande hiki hiyo ni shilingi 1,000.

Kitabu kitakwambia kile kichwa ni taka. Hapa Pwani nani anatupa kichwa cha tewa? Ukikiuza supu na mifupa yake ukapata, tuseme, shilingi 800 baada ya gharama zake, kipande chako kinashuka hadi 260. Mwanafunzi anayeliona hilo bila kuambiwa, mimi nampa alama za ziada, kwa sababu ameanza kufikiri kama msimamizi.

Usafi nao ni somo zito, na wengi huingia wakidhani ni kunawa mikono na kuvaa kofia. Chukua wali. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa ndani ya sufuria kubwa mpaka asubuhi, katikati unakaa vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria anazaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo hata ukiupasha moto kiporo mpaka ufuke moshi, haiondoki. Dawa ni kuumwaga wali kwenye sinia pana, kina kidogo, upoe haraka, uingie kwenye friji. Ukingoja kuliwa, ukae juu ya nyuzi 60. Namna hii ya kukagua kila hatua yenye hatari, badala ya kungoja mtu aumwe, ilikuzwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wanaanga.

Kuna mama mmoja angesimama hapa angenicheka. Mpishi wa shughuli. Huyu akiambiwa kuna harusi ya watu 500 anauliza kama wageni ni wa mchana au usiku, kama kuna biriani au pilau peke yake, kisha anataja kilo za mchele, nyama, vitunguu na mizigo ya kuni, bila kalamu. Anajua nani akoroge, nani apalie makaa juu ya kifuniko, na nani asikaribie kabisa sufuria ya nyama. Huo ni usimamizi wa upishi kamili. Kinachokosekana ni maandishi: akiugua, hesabu yote imelala naye kitandani. Vyuo vyetu vingefanya jambo la maana kumwita huyu mama afundishe, alipwe kama mhadhiri, kuliko kuwakaririsha vijana majina ya michuzi ya Kifaransa wasiyoipika.

Kabla hamjalipa ada, nendeni mkalione jiko la chuo. Msiridhike na picha. Ulizeni wanafunzi wangapi wanagawana jiko moja, nani ananunua viungo vya mazoezi, na atachimenti, yaani mazoezi ya kazi hotelini, inapatikana wapi. Chuo kinachowaambia wanafunzi wajitafutie wenyewe kila mwaka kinawauzia karatasi.

Na kijana, usitarajie ofisi. Utaanza kwa kumenya vitunguu chini ya mtu aliyeishia kidato cha nne, naye atakupita mbali kwa kisu. Mheshimu. Shahada yako itaanza kulipa pale hoteli, hospitali au kampuni ya chakula cha ndege itakapotafuta mtu wa kusimamia manunuzi, kupanga bei za menyu na kueleza kwa nini nyama iliyoingia Jumatatu haikufika Ijumaa.

Naona mzazi pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja ada. Karibu, mama, uliza.