Nani Atalipa? Dhima na Ushirikiano wa Mataifa Katika Anga za Juu

Mabibi na mabwana, wanasheria na wahandisi mliohudhuria,

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 ulitamka wazi kwamba hakuna dola inayoweza kuumiliki Mwezi au sehemu yoyote ya anga za juu, na kwamba kila dola inawajibika kwa shughuli zinazofanywa huko na kampuni zake. Misingi hiyo haijatikisika. Ugumu wa ushirikiano, kwa maoni yangu, umo katika swali ambalo mataifa yameliahirisha kwa muda mrefu mno: madhara yakitokea, nani atalipa?

Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unatofautisha hali mbili. Chombo kikianguka na kudhuru watu au mali ardhini, nchi iliyokirusha hulipa fidia bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Kosmos 954, setilaiti ya Kisovieti iliyobeba kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Kanada mnamo Januari 1978. Kanada ilidai zaidi ya dola zake milioni 6, na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3. Si haba, ingawa ilichukua miaka mitatu ya mazungumzo.

Madhara yakitokea huko huko angani, mdai hana budi kuthibitisha kosa, na hapo ndipo sheria inapokwama. Tarehe 10 Februari 2009, Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekwisha kufa, iligongana na Iridium 33 ya kampuni ya Marekani katika kimo cha karibu kilomita 790 juu ya Siberia, ikasambaza maelfu ya vipande. Setilaiti moja haikuweza tena kuongozwa. Nyingine iliweza, lakini hakukuwa na sheria iliyoilazimisha kupisha. Pasipo kanuni ya nani ampishe nani, kosa litapimwa kwa kipimo gani?

Ushirikiano huongeza uzito wa jambo hili. Mkataba wa Dhima unahesabu kuwa mrushaji nchi inayorusha, inayogharimia urushaji, na hata ile ambayo ardhi au mitambo yake imetumika. Wote hubeba dhima kwa pamoja, na mdai anaweza kumdai yeyote kati yao fidia yote. Nchi changa iliyotoa uwanja wa kurushia tu inaweza kujikuta inadaiwa deni la roketi ambayo haikuiunda wala kuiongoza. Hili linanisumbua kuliko yote.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilipata njia yake: katika makubaliano ya mwaka 1998, washirika waliachiana mapema madai ya madhara baina yao, na kila mmoja akabaki na mamlaka juu ya sehemu alizozisajili. Njia hiyo iliwezekana kwa sababu washirika walikuwa wachache na walijuana. Leo kampuni binafsi zinajiandaa kuchimba rasilimali Mwezini kwa kutegemea sheria za ndani, kama ile ya Marekani ya mwaka 2015 inayowapa raia wake haki ya kumiliki wanachokichimba, huku Kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu ikiamua kwa maafikiano ya wanachama wote, jambo linalochukua miaka.

Wakati kanuni ya kupishana ikisubiriwa, Mkataba wa 1972 unawaruhusu warushaji kugawana mzigo wa fidia kwa makubaliano yao wenyewe, ingawa makubaliano hayo hayamzuii mdai kumdai yeyote. Nchi inayotoa uwanja isiruhusu roketi kuondoka kabla mgawanyo huo haujaandikwa na kutiwa saini.