Bakuli Likiwa Mkononi, Mawaidha Husubiri

Mabibi na mabwana, karibuni. Adabu za watawa wa Kibudha ni nyingi, nami nitashika moja tu: mtawa anayepita asubuhi kupokea chakula kwa kawaida hatoi mafundisho njiani.

Huko Thailand na Laos watawa hutoka alfajiri, peku, wakiwa na bakuli. Hawabishi hodi wala hawasemi "naomba". Mwenye nyumba huvua viatu, hutia wali, basi.

Watawa wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa huko, wana kanuni 227. Kati ya hizo, 75 ni za mwenendo wa kila siku, na 16 katika hizo zinahusu kufundisha. Usimfundishe mtu asiye mgonjwa aliyeshika mwavuli, fimbo au silaha, aliyevaa viatu, aliyeketi nawe umesimama, wala anayekutangulia njiani. Mgonjwa amesamehewa. Sasa niambieni, barabarani utampata nani asiyenaswa na mojawapo? Ndiyo maana Thailand wapo wanaohoji hata ile baraka ambayo mtawa huisoma amesimama, naye mtoaji amechuchumaa. Wengine hujibu kwamba baraka si somo. Binafsi naona jibu hilo linatosha.

Lakini heshima ya msikilizaji kwa mafundisho, inayolindwa na kanuni hizo, ni nusu tu ya jambo. Nusu nzito ni chakula chenyewe. Simulizi za kale zinamtaja Brahmini mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani, wa Magadha, ufalme wa kale wa India, aitwaye Kasi Bharadvaja, aliyekuwa akiwagawia chakula wakulima wake msimu wa kupanda. Buddha akaja, akasimama kando. Yule bwana akamwambia: mimi nalima na kupanda, ndipo nala, nawe lima, upande, ule. Buddha akamjibu kwa mashairi kwamba naye ni mkulima, na mbegu yake ni imani. Brahmini akafurahi, akamjazia bakuli wali wa maziwa. Buddha akaukataa! Chakula kilichopatikana kwa kughani mashairi, alisema, hakili. Angekipokea, mafundisho yangekuwa na bei, na kesho yake mtawa angechagua mlango wa kuhubiria kwa harufu ya jikoni.

Waulizaji nao walikuwa na adabu yao. Upatissa, ambaye baadaye alijulikana kama Sariputta, alimwona mtawa Assaji akipokea chakula mjini Rajagaha, akavutiwa mno na utulivu wake. Hakumsimamisha. Alimfuata hadi alipomaliza, ndipo akauliza.

Lakini mtafuta ukweli mmoja, Bahiya, hakuweza kungoja. Alisafiri kutoka Supparaka, mbali sana, akamkuta Buddha akipita na bakuli katika mji wa Savatthi, akamsihi amfundishe papo hapo. Akaambiwa si wakati wake. Akasihi tena, akaambiwa vivyo hivyo. Mara ya tatu alishikilia hoja yake: nani ajuaye nani atatangulia kufa, wewe au mimi? Buddha akamfundisha kwa maneno machache: katika kinachoonekana, kiwepo kinachoonekana tu. Muda mfupi baadaye Bahiya aliuawa na ng'ombe mwenye ndama.

Wapo wanaoitumia habari hii kuhalalisha mahubiri ya njiani. Siwaungi mkono. Bahiya aliomba mwenyewe, mara tatu, na simulizi haisemi popote kwamba alitia hata punje ya wali katika bakuli lile.

Haya, nani ana swali?