Kasri la Rangi Mbili na Taa Inayoruka

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Moshi. Tulipanga kuzungumzia nembo za studio tatu za katuni na namna zilivyobadilika miaka hadi miaka, kisha tumalizie kwa mafunzo matatu kwa vijana wanaobuni nembo. Kaka Elibariki, hata hivyo, amekuja na jambo lililompata wiki hii, nami naona tuanze nalo.

ELIBARIKI: Ahsante, dada Neema. Jumanne nilipita kwenye shule moja ya chekechea huku Majengo, nikamkuta fundi rangi akiufuta ukuta wa mbele. Ukuta ule ulikuwa na kasri la Disney la zamani, jeupe juu ya buluu, na tao likipita juu yake. Mwenye shule alikuwa amempa picha kwenye simu, ya kasri jipya lenye mto na milima, akitaka lichorwe pale pale. Tao halikumsumbua fundi: alipigilia msumari, akafunga uzi, akaunganisha kipande cha chaki kwenye ncha yake na kuuzungusha. Alipofika kwenye kasri lenyewe alisimama muda mrefu akiikuza picha kwa vidole, kwa maana kila alipoikuza vilijitokeza vinara na madirisha ambayo hakuwa ameyaona. Mwishowe akaniambia kwamba la zamani alikuwa akilichora bila kutazama popote. Maneno hayo yameniuma tangu siku ile.

NEEMA: Wasikilizaji wanajua umekulia katika karakana ya mabango ya mzee wako, kwa hiyo kila nembo huipima kwa brashi. Tuiweke historia sawa kwanza. Studio ya Disney ilianzishwa na ndugu wawili, Walt na Roy Disney, mwaka 1923, na kwa miongo mingi filamu zake hazikuanza kwa kasri lolote. Zilianza kwa jina la msambazaji, RKO, na baadaye Buena Vista, kampuni ya usambazaji ambayo Disney wenyewe waliianzisha mwaka 1953. Kasri la buluu lilikuja mwaka 1985, likisindikizwa na wimbo uliotoka katika Pinocchio ya mwaka 1940. Mwaka 2006, kwenye filamu ya pili ya Pirates of the Caribbean, likaingia lile la kompyuta, ambamo kamera inashuka kutoka angani, inapita juu ya mto na treni inayofuka moshi, inaipita bendera, ndipo kasri linasimama mbele yetu. Mwaka 2011 jina la Walt likaondolewa, likabaki Disney tu. Mwaka 2022, karne ya studio ikikaribia, wakaongeza milima na maporomoko ya maji.

ELIBARIKI: Na mimi nasema walichokiongeza kimewapunguzia. Lile la 1985 lilikuwa na mistari michache na rangi mbili, kwa hiyo lilihama kutoka kwenye kioo likaingia katika mikono ya watu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuliliona kwenye kanda iliyochakaa, picha ikitetemeka, na bado tulilitambua. La sasa ni mandhari nzuri sana, lakini mandhari haishikiki kichwani. Linganisha na taa ya Pixar, studio yetu ya pili, ambayo tangu filamu yao ya Toy Story ya mwaka 1995 inaingia, inairukia herufi I ya jina la Pixar mpaka inaizamisha, kisha inatugeukia. Wameiacha ilivyo kwa sababu ilikuwa imetosha.

NEEMA: Taa tulikuwa tumeiweka sehemu ya pili ya kipindi, kaka.

ELIBARIKI: Haiwezi kusubiri, kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Taa ile haikuzaliwa kuwa nembo. Mwaka 1986, mwaka ule ule Steve Jobs aliponunua kitengo cha kompyuta cha kampuni ya filamu ya Lucasfilm na Pixar ikawa kampuni ya kujitegemea, mchora katuni wao John Lasseter alitengeneza filamu ya kama dakika mbili iitwayo Luxo Jr., yenye taa mbili za mezani, mzazi na mtoto. Taa zenyewe ni za aina ambayo Jacob Jacobsen wa Norway aliibuni mwaka 1937, zenye springi zinazoushikilia mkono popote unapouacha. Mtoto anaurukia mpira mpaka unapasuka, kisha anainamisha kichwa, na wewe mtazamaji unamhurumia ingawa hana jicho wala mdomo.

NEEMA: Hapo umegusa kitu ninachokipenda mno. Ili taa ndogo ionekane kuwa mtoto, Lasseter hakuipunguza yote kwa kipimo kimoja. Kifuniko na mkono vilipunguzwa, lakini balbu ikabaki na ukubwa ule ule, kwa sababu balbu ni kitu cha kununuliwa dukani na haikui pamoja na taa. Kwa uamuzi huo mdogo tukapata mtoto mwenye kichwa kikubwa. Filamu ile ikawa ya kwanza ya katuni za kompyuta za pande tatu (3D) kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

ELIBARIKI: Basi umenisaidia. Umbo sahihi, lililofikiriwa mara moja kwa uangalifu, halihitaji kuongezewa kitu kila muongo.

NEEMA: Sijakusaidia hata kidogo, kwa sababu kilichofikiriwa pale ni mtoto anayecheza, na mchezo hauonekani mpaka kitu kitembee. Mwambie fundi wa Majengo aichore taa hiyo ukutani bila herufi, bila kuruka, bila mlio wa springi zake, na wapita njia wataona taa ya mezani ya ofisini. Tunaitambua kwa inachokifanya. Nembo ya filamu inaishi gizani kwa sekunde chache, ina mwendo na sauti, na kazi yake ni kumtoa mtu kwenye shughuli zake za mchana na kumwingiza katika hadithi. Kasri la 2006 linafanya kazi hiyo kwa sababu linatupitisha njiani kabla ya kutufikisha.

ELIBARIKI: Na ukizima sauti?

NEEMA: Ukizima sauti umeikata nembo nusu. Watoto wengi hapa nyumbani humtambua Akili wa katuni za Ubongo, yule msichana anayeishi chini ya Kilimanjaro, kwa wimbo wake wakiwa bado jikoni, kabla hawajaiona televisheni.

ELIBARIKI: Lakini daftari la mtoto halina sauti, wala fulana yake. Studio inayotaka kukaa kwa watu lazima iwape kitu wanachoweza kukinakili wenyewe. Kasri la leo linaweza kunakiliwa kwa mashine tu, na hilo kwangu ni hasara kubwa ambayo wimbo hauwezi kuifidia.

NEEMA: Na mimi naona unaidai filamu ifanye kazi ya bango. Kumbuka pia kwamba hiyo taa unayosema imeachwa ilivyo iliguswa mwaka 2008: mwishoni mwa WALL-E, filamu ya Pixar kuhusu roboti mwenye jina hilo, balbu yake inaungua, na roboti huyo anakuja kuibadilisha kwa balbu inayotumia umeme kidogo. Nembo ikaingia ndani ya hadithi. Hilo lisingewezekana kama thamani yake yote ingekuwa kwenye mistari.

ELIBARIKI: Liliwezekana kwa sababu taa ilikuwa imekwisha kukaa vichwani mwetu bila kubadilika kwa miaka 13. Wangekuwa wanaibadilisha kila mara, nani angeshangaa balbu kuungua?

NEEMA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Mvulana anayevua samaki mwezini, nembo ya studio nyingine ya DreamWorks, tunamwacha, na yale mafunzo matatu hatuwezi hata kuyasoma. Imebaki studio ya tatu tuliyoiahidi, Ghibli ya Japani, iliyoanzishwa mwaka ule ule wa kasri la buluu, 1985. Nembo yake ni Totoro, kiumbe wa filamu yao ya mwaka 1988, aliyechorwa kwa mistari juu ya buluu.

ELIBARIKI: Mistari michache, rangi moja nyuma yake, ametulia tuli na hana wimbo. Sina la kuongeza.

NEEMA: Mimi ninalo, na nitaanza nalo wiki ijayo, kwa sababu ukimya wa kabla ya filamu nao umetungwa. Kwa leo muda wetu umekwisha.